Tunatoka Dodoma na watoto watatu na mama mkwe: tulale mtaa gani Dar?

Binti_Makole
Wakuu, heshima zenu. Msaada tutani, maana hapa nyumbani tumegawanyika kambi mbili na safari imebaki wiki tatu.

Mwezi wa 6 shule zikifungwa tunakuja Dar kwa usiku sita: mimi, mzee wa nyumba, watoto watatu (miaka 14, 9 na 3) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na ngazi anapanda kwa shida. Tunakuja na treni ya SGR. Tunafika Jumatano kabla ya saa sita mchana, tunarudi Jumanne kwa treni ya asubuhi. Watoto hawajawahi kuona bahari. Mama mkwe aliiona mara moja tu, akiwa msichana, na kila mwaka anaisimulia upya.

Tunachotaka: watoto waogelee mpaka wachoke, twende kisiwa cha Mbudya, siku moja tuvuke kwenda Unguja na kurudi jioni. Mkubwa anataka Makumbusho ya Taifa kwa sababu ya lile fuvu la Zinjanthropus walilosoma shuleni. Jumapili mama mkwe lazima asali kanisa la Albano, hilo halina mjadala. Na shemeji yangu anakaa Tegeta, tukiondoka bila kumwona itakuwa kesi.

Mzee anasema "tunakwenda baharini, tulale baharini", Kunduchi siku zote sita. Mimi naona tulale mjini. Bajeti ya malazi ni laki mbili kwa usiku kwa sisi wote, tukibanwa sana tutaongeza kidogo. Mtu kanitajia Sinza, mwingine Kigamboni, mwingine Mbezi. Kichwa kinaniuma.

Kondakta_Mstaafu
Dada, karibuni sana Dar. Mimi nimekula miaka kumi na saba barabara ya Bagamoyo, kwa hiyo nisikilize.

Jiji hili asubuhi linaingia mjini, jioni linatoka. Basi. Ukilijua hilo umejua nusu ya Dar. Mkilala Kunduchi na shughuli zenu ziko Posta, katikati ya mji, mtaingia na foleni asubuhi na kutoka na foleni jioni, mnakula pande zote mbili. Mkilala mjini mkaenda Kunduchi kuogelea, mnakwenda kinyume na foleni kwenda na kurudi. Barabara ni ileile, umbali ni uleule, ila mwenzako anasota upande wa pili huku wewe unapita unampungia mkono.

Boti ya asubuhi ya Unguja inaondokea pale bandarini, Posta. Kutoka Kunduchi na mtoto wa miaka mitatu itabidi muamke saa kumi usiku ili muwe na uhakika. Mwambie mzee aamke yeye siku hiyo awavalishe watoto, halafu aje hapa atuambie.

Pwani_Kwetu
Una shemeji Tegeta halafu unatafuta hoteli? Mambo ya Kizungu haya. Sisi tulikuwa tunalala kumi sebuleni na hakuna aliyekufa.

Binti_Makole
@Pwani_Kwetu, kaka yangu, shemeji ana vyumba viwili na watoto wanne, na mke wake amejifungua mwezi jana. Tukiongezeka sita pale, mama wa watu atanyonyesha akiwa wapi? Tutakwenda kumwona mtoto na kilo zetu za sukari, tutakula chakula cha mchana, jioni tutaaga.

Pwani_Kwetu
Hapo kwenye uzazi nimekuelewa. Nafuta kauli. Lakini mzee wako ampigie ndugu yake mwenyewe amweleze mapema, asije akasikia mnalala hoteli kutoka kwa watu. Maneno huwa yanaanzia hapo.

Jirani_wa_Sinza
Nakaa Sinza na naipenda, ila kwa familia hapana. Lodge ni nyingi na nafuu kweli, lakini uliza kwanza ni za kulala au za "kupumzika". Nyingi zimepakana na baa, na Ijumaa mziki unapigwa mpaka kunakucha. Mtoto wako wa miaka tisa atakuuliza maswali ambayo hukujiandaa kuyajibu.

Ramani_Mkononi
Kuhusu Mbezi, angalieni sana. Mbezi ziko mbili na zinawapoteza wageni kila siku. Kuna Mbezi Beach, barabara ya Bagamoyo, huko kwenye hoteli za baharini. Na kuna Mbezi Luis, barabara ya Morogoro, kwenye stendi ya mabasi ya Magufuli, ambako bahari utaisikia kwenye redio. Nina jamaa alilipia chumba "Mbezi, karibu na kituo" akaja na taulo begani.

Kabla ya kulipia popote, muombe mwenye nyumba akutumie alama ya eneo kwenye simu, halafu wewe mwenyewe pima kutoka hapo mpaka stesheni ya SGR na mpaka bandarini. Wanaoandika "dakika kumi kutoka mjini" hawasemi ni saa ngapi za usiku.

Mama_Feri
Kigamboni fukwe ni nzuri, nimezaliwa huko. Lakini kila mkitaka kutoka ni pantoni au kuzunguka Daraja la Nyerere. Mtu anayekuja kutulia sehemu moja, sawa. Nyie mna ratiba ya Unguja, Tegeta na Albano, mtaishia kuwa abiria tu.

Kondakta_Mstaafu
Na kabla hamjauliza Kariakoo: ipo karibu kabisa na treni, na vyumba vya bei yenu vimejaa. Ila ukiwa na bibi mwenye magoti na mtoto wa miaka mitatu, kutoka mlangoni mpaka kwenye gari tu ni shughuli. Kariakoo nendeni kununua, mrudi.

Kijana_wa_Upanga
Shikamoo dada. Naona kila mtu anakataa mitaa, hakuna anayetaja. Mimi nasema Upanga, na nakiri naegemea kwetu.

Upanga ipo katikati ya Posta na Muhimbili. Kuna miti, kuna utulivu usiku, na majirani wengi ni familia za miaka mingi. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ni mwendo mfupi kwa gari, na bustani ya mimea ipo jirani yake. Albano ipo pembeni kabisa. Bandarini ni karibu, stesheni ya SGR ni karibu. Mkitaka upepo wa bahari jioni, mnapita Daraja la Tanzanite mnatokea Coco Beach, mnakula mihogo mnarudi.

Sasa hoteli za Posta yenyewe zitawatoa jasho kwa bajeti yenu, kwa sababu mtahitaji vyumba viwili au vitatu. Tafuteni apatimenti ya vyumba viwili au vitatu yenye jiko. Ghorofa za Upanga zimegeuzwa nyingi kuwa za kupangisha kwa siku. Mtapika uji wa mdogo wenu bila kumwomba mtu, na nguo zenye chumvi mtafua.

Lakini hapa kuna mtego, na nasema kwa sababu ya bibi. Majengo mengi ya zamani hayana lifti. Na yenye lifti, uliza umeme ukikatika jenereta inaendesha lifti au inawasha taa tu. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mwenye nyumba atajibu la pili kama vile umeuliza la kwanza. Ukiweza chukua ghorofa ya chini, hata kama haina mandhari. Bibi hakuja Dar kutazama dirishani.

Uliza pia kuhusu maji, kama kuna tangi la akiba. Na maegesho, kama mtakodi gari siku ya Tegeta.

Bin_Bahari
Nyote mnazungumzia barabara, hakuna aliyezungumzia maji. Watoto hawajaona bahari, wakifika Coco Beach maji yamekupwa watakuta mawe na majani, watasema bahari ndiyo hii? Maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kidogo. Muulizeni mtu wa hotelini au mvuvi yeyote kesho yanajaa saa ngapi, ndipo mpange kuogelea. Mwezi wa 6 upepo wa kusi unavuma, hewa ni nzuri lakini mchana bahari inaweza kuchafuka. Mbudya nendeni asubuhi, boti zinatokea upande wa Kunduchi. Pale ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, bebeni vitambulisho mlipe kama Watanzania. Kivuli ni cha mabanda tu, kwa hiyo mkiwahi mtapata.

Jambo jingine, fukwe nendeni siku za kazi. Jumamosi na Jumapili Dar nzima inahamia baharini, bibi atakosa hata pa kukaa.

Mama_Pacha
Nimesoma wote na mna haki, ila mnamfanya huyu dada achague moja kana kwamba anaolewa. Usiku sita ni mingi. Gaweni.

Mpango wa kwanza unaomjia kila mtu ni kuanza mjini halafu kumalizia baharini mjipumzishe. Sisi tulifanya hivyo mwaka juzi na tulijuta. Siku ya kurudi, treni ya asubuhi, tuko ufukweni tunaingia mjini pamoja na wafanyakazi wote wa jiji hili. Pacha mmoja alitapika Mwenge, baba yao alikuwa hasemi na mtu. Treni tuliipata kwa kudra tu.

Kwa hiyo geuzeni. Mnafika Jumatano kabla ya saa sita, barabara ya kutoka mjini bado haijajaa, pitilizeni moja kwa moja Kunduchi. Jumatano na Alhamisi mlale huko. Ni siku za kazi kama alivyosema Bin Bahari, na nje ya wikiendi wakati mwingine hoteli za ufukweni wanakubali kupunguza ukiongea nao vizuri kwa simu. Jumatano alasiri watoto waingie majini, Alhamisi asubuhi Mbudya, Alhamisi jioni Tegeta kwa shemeji, ambaye sasa yuko jirani yenu. Ijumaa msiondoke asubuhi. Subirini saa nne na nusu foleni ilegee, ndipo mhamie Upanga. Ijumaa mchana Makumbusho, Jumamosi Unguja, Jumapili Albano kisha mama apumzike, Jumatatu ni ya dharura na Kariakoo. Jumanne mnaamka dakika chache kutoka kwenye treni.

Kuhama mara moja na mabegi ni usumbufu, sikatai. Lakini ni usumbufu wa saa mbili badala ya wa kila siku.

Kondakta_Mstaafu
Nakazia. Mama Pacha angekuwa mpanga ratiba wa daladala tusingegombana na abiria.

Binti_Makole
Nimemsomea mzee uzi wote. Amenyamaza kidogo, akauliza, "kwa hiyo Kunduchi ipo?" Nikamwambia ipo, ndiyo inayoanza. Akaenda zake nje kumwagilia mchicha. Nahesabu kuwa amekubali. Asanteni sana, nitaleta mrejesho.

Binti_Makole
MREJESHO. Tumerudi salama, Mungu ni mwema.

Tulifuata mpango wa Mama Pacha, isipokuwa Unguja tuliisogeza Jumatatu, kwa sababu mdogo alipata homa Ijumaa usiku na Jumamosi tukabaki ndani. Hapo ndipo nilipoona faida ya ile siku iliyoachwa wazi. Ingekuwa ratiba imebana, Unguja ingekufa. Boti ilichukua kama saa mbili, na kutoka Upanga mpaka bandarini hatukumaliza hata hadithi moja ya mama.

Kunduchi ilituzidi bajeti kidogo, Upanga ikafidia. Kijana wa Upanga, lile swali lako la lifti niliuliza kama ulivyoandika. Mwenye nyumba wa kwanza alijibu "jenereta ipo dada, usijali". Nikauliza tena, lifti je? Akakaa kimya, kisha akasema lifti hapana. Tukaenda kwa mwingine, ghorofa ya chini, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Umeme ulikatika mara mbili na hakuna aliyejali.

Kosa langu: nilisahau kuuliza kuhusu maji ya bahari kabla ya Jumatano alasiri. Tulifika mbio mpaka ufukweni tukakuta yamekupwa, yako mbali kule. Wa miaka tisa akasema, "Mama, wameyamaliza." Tulikaa kwenye mchanga mpaka yakarudi yenyewe taratibu, na nadhani hiyo ndiyo saa waliyoipenda kuliko zote.

Bin_Bahari
Nilisema mimi. Na bibi je, aliingia?

Binti_Makole
Alhamisi alfajiri kabla hatujaamka. Mzee alimkuta amesimama maji yakiwa magotini, kitenge amekishika mkononi, anaimba tenzi. Alirudi na chupa ya maji ya chumvi. Stesheni mlinzi alimuuliza ya nini, akamjibu, "Ya kwangu." Sasa ipo kabatini, haruhusiwi mtu kuigusa.