Mnaowacheka wenye pumu kwenye baiskeli: hasira zenu mmezielekeza siko

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita nusura tumpoteze mtoto wa watu barabarani kwa ajili ya utani.

Tulitoka Arusha alfajiri, watu tisa, tukashika barabara ya Namanga. Wanaoijua Julai ya huku wanaelewa: baridi kavu, upepo unashuka kutoka Meru, vumbi linakukaa kooni. Ukishapita Ngaramtoni barabara inakupandisha pole pole hadi miguu ianze kukudai. Dogo mmoja wa miaka 17, ambaye akiwa mzima hakuna anayemshika mlimani, akaanza kubaki. Nikadhani pancha. Niliporudi nyuma nikamkuta amekaa pembeni ya lami, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na pale juu ya mfupa wa kifua nyama inazama ndani kila akivuta hewa. Mluzi wa kifua niliusikia kabla sijashuka kwenye baiskeli. Nikamwuliza inhela yako, ile dawa ya kupuliza mdomoni, iko wapi? Akatikisa kichwa. Maneno mawili hayatoki.

Nilikuwa na yangu, kwa sababu mimi mwenyewe nina pumu tangu darasa la pili. Kulikuwa na mama anauza ndizi hatua chache kutoka pale, akanipa kisu, nikatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, nikachomeka inhela kwenye tundu, dogo akaweka mdomo kwenye shingo ya chupa. Puliza moja, vuta, toa, vuta, toa. Puliza ya pili. Tulienda hivyo, moja moja, mpaka rangi ya midomo ikaanza kurudi. Sentensi yake ya kwanza kamili ilikuwa, "Samahani kaka, nimewaharibia safari."

Inhela aliiacha nyumbani kwa makusudi. Wiki mbili kabla, mtu mzima wa kundi letu alimwona akipuliza kabla hatujaondoka, akasema kwa sauti, "Huyu naye Froome, bila dawa hapandi." Watu wakacheka. Jina likamganda. Mtoto akaona bora abanwe kifua kuliko kuonekana mwizi.

Sasa tuongee kuhusu huyo Froome, maana naona jina mnalijua na kesi hamuijui.

Chris Froome, bingwa wa Tour de France, alizaliwa Nairobi 1985, akafundwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, akavaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne 2006 kabla ya kuhamia leseni ya Uingereza 2008. Wengi wetu tulianza kuifuatilia Tour kwa ajili yake. Tarehe 7 Septemba 2017, baada ya hatua ya 18 (mbio za siku moja huitwa hatua) ya Vuelta, mashindano ya wiki tatu ya Hispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli nanogramu 2000 kwa mililita. Kiwango cha mwisho kilikuwa 1000. Salbutamoli ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye inhela ya bluu ya dogo wetu, na ya kwangu, na ya bibi yako. Mwanamichezo anaruhusiwa kuivuta bila kibali chochote. Wakati ule mwisho ulikuwa mikrogramu 1600 kwa saa 24, yaani puliza 16 za inhela ya kawaida, na zisizidi 8 ndani ya saa 12. Baadaye wamebana zaidi: tangu 2022 ni 600 tu ndani ya saa 8.

Maelezo ya Froome yalikuwa kwamba pumu ilimzidi wiki ile, daktari wa timu akamwongezea dozi, na hakuvuka mpaka. Inawezekana kabisa. Mtu aliyekaa saa nyingi juani kwenye baiskeli anakauka, mkojo unakuwa mzito, na kila kilichomo ndani yake kinaonekana kingi. Walipouhesabia huo uzito namba ikashuka hadi 1429. Bado juu, lakini siyo ile mara mbili mnayoimba. Ken Fitch, mwanasayansi wa Australia aliyehusika kuweka hicho kiwango, alisema waziwazi 2018 kwamba kina kasoro. Tarehe 2 Julai 2018, siku tano kabla ya Tour kuanza, chama cha baiskeli duniani, UCI, kikafunga jalada baada ya ushauri wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Hana kosa. Sibishani na hilo, na sitaki mtu anijie hapa na mambo ya "lakini tunajua".

Kinachonichoma ni njia iliyotumika.

Kanuni ilikuwa inasema hivi: ukivuka kiwango, ni juu yako kuthibitisha, na kipimo chenyewe kinajulikana. Unawekwa chini ya uangalizi, unavuta dozi halali, mkojo wako unapimwa, tuone kama mwili wako unaweza kutoa namba ile. Diego Ulissi wa Italia alikutwa na 1900 kwenye Giro, mashindano makubwa ya Italia, 2014. Alikuwa na pumu, alikuwa anatumia inhela, kipimo hakikumbeba, akafungiwa miezi tisa. Alessandro Petacchi alikutwa na zaidi ya 1300 kwenye Giro 2007. Shirikisho la kwao Italia lilimwachia, WADA wakakata rufaa, mahakama ya michezo ikamfungia 2008 na ushindi wake wa hatua tano ukafutwa. Na mahakama hiyo hiyo haikuona kwamba alikusudia kudanganya! Ilisema alizidisha kwa uzembe. Mkojo wake haukurekebishwa kwa uzito kama wa Froome. Elfu moja mia tatu na ushee, jamani, dhidi ya elfu mbili.

Froome alipofika zamu yake, WADA walisema kipimo hicho kwake hakitekelezeki, kwa kuwa mazingira ya wiki tatu za mashindano hayawezi kuigwa. Sawa kabisa! Nakubali kwa moyo wote kwamba mwili uliochoka wiki tatu si sawa na mwili uliolala hospitali unasubiri kupimwa. Lakini Petacchi na Ulissi mikojo yao ilitoka wapi kama si kwenye Giro, mashindano ya wiki tatu vilevile? Kama sayansi ilikuwa mbovu 2018, ilikuwa mbovu 2014 na 2007. Nani amemrudishia Petacchi hatua zake tano? Nani amemlipa Ulissi miezi tisa? Na sababu kamili za kumwachia Froome hazikuwahi kutolewa tukazisoma wenyewe. Tumepewa taarifa fupi tukaambiwa tulale.

Halafu huo usiri wenyewe. Froome aliambiwa Septemba 20. Sisi tulijua Desemba 13, na si kwa hiari ya mtu, ni kwa sababu magazeti ya Guardian na Le Monde yaliandika. Kwa kuwa salbutamoli haimsimamishi mtu moja kwa moja, akaendelea kushindana kihalali. Mei 2018 akashinda Giro kwa ile siku ya mlima wa Finestre, kilomita 80 peke yake. Na mnakumbuka ni nani aliyeishiwa nguvu siku ile akiwa na jezi ya waridi ya anayeongoza Giro? Simon Yates. Huyo 2016 alifungiwa miezi minne kwa terbutalini, dawa nyingine ya pumu ya kuvuta, kwa sababu daktari wa timu alisahau kuomba kibali. Alisahau karatasi, mwendesha baiskeli akakaa nje. Nilifurahi mpaka machozi 2025 Yates alipoichukua Giro kwenye mlima uleule wa Finestre, na sioni aibu kusema.

Hicho ndicho cha kukasirikia, wakuu. Mwenye timu yenye mawakili na wanasayansi anapata kesi inayosikilizwa kwa undani. Asiye nao anapata namba na adhabu.

Na kuna kitu kingine mnakichanganya kila siku na inhela. Wadukuzi walipovujisha nyaraka 2016 tuliona Bradley Wiggins, Mwingereza wa timu ya Team Sky, alipewa vibali vya sindano ya triamsinoloni mara tatu: kabla ya Tour 2011, kabla ya Tour 2012 aliyoshinda, na kabla ya Giro 2013. Sababu iliyoandikwa ni pumu na mzio wa chavua. Hiyo siyo inhela ya bluu hata kidogo. Ni kotikosteroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, ya kuchomwa kwenye msuli, inakaa mwilini wiki kadhaa, na waliowahi kuitumia vibaya wamesema inapunguza uzito bila kupunguza nguvu. Kamati ya Bunge la Uingereza iliandika Machi 2018 kwamba Team Sky ilivuka mstari wa maadili, ingawa kanuni hazikuvunjwa. Wiggins amekana kwamba alitafuta faida. Sindano hizo za msuli zilikuwa tayari marufuku wakati wa mashindano bila kibali, na tangu 2022 marufuku imepanuliwa kwa sindano zote za kotikosteroidi, jambo ambalo kwangu linatosha kueleza kama mlango ulikuwa wazi au la.

Hapo mnaweza kuhoji mnavyotaka. Lakini mtu akipuliza inhela ya bluu mara mbili kabla ya kupanda, anachofanya ni kulegeza misuli inayobana mirija yake ya hewa ili afikie pale wewe ulipoanzia. Ukiwa na mapafu mazima ukaivuta kwa dozi halali, tafiti nyingi hazikuona faida ya maana. Na msishangae kwa nini waendesha baiskeli wengi wana pumu. Mtu anayevuta hewa kwa mdomo kwa nguvu saa tano, hewa ya baridi au kavu au ya vumbi, mirija inakauka na kukasirika. Wengine hawakuwa nayo utotoni, mchezo umewapa.

Mimi nauza dawa. Nasimama kaunta siku sita kwa wiki, na ninachokiona hapo kinanitisha zaidi ya Vuelta yoyote. Mtu wa pumu wa kwetu akija dukani haombi inhela. Anaomba "vile vidonge vidogo vya kifua". Ni salbutamoli ya kumeza, bei yake kama maandazi, wakati inhela moja mtu anaihesabia hela ya chakula. Sasa sikilizeni vizuri, hasa nyie mnaolea vijana wanaotaka kushindana: salbutamoli ya kumeza ni marufuku kwa mwanamichezo. Yote, kiasi chochote, bila kibali ni kosa. Kikiingia kwa tumbo kinazunguka mwili mzima, na kwa dozi kubwa kinaweza kujenga misuli, kama ndugu yake klenbuteroli, ile iliyomvua Mhispania Contador ushindi wa Tour ya 2010.

Kwa hiyo kijana wa Arusha, wa Iten, wa Musanze, mwenye pumu ya kweli, anayetumia dawa pekee anayoimudu, huyo ndiye atakayekamatwa. Hatakuwa na wakili. Hatakuwa na profesa wa kumtetea. Mwaka 2025 dunia nzima ya baiskeli ilikuja Kigali, mashindano ya dunia ya barabarani ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, tukapiga kelele barabarani, tukasema zamu ya vijana wetu imefika. Biniam Girmay wa Eritrea alishatangulia kuchukua jezi ya kijani ya Tour 2024. Sasa niambieni, katika vilabu vyetu ni kipi kimewahi kumkalisha kijana chini kikamweleza tofauti ya kumeza na kuvuta? Sisi tumemfundisha kitu kimoja tu: aione inhela kama aibu.

Aidha hivyo vidonge hata kama hushindani popote havifai. Vinachelewa kufanya kazi, vinakutetemesha mikono, moyo unakwenda mbio, na pumu yenyewe iko pale pale. Hata inhela ya bluu peke yake haitoshi kwa mtu anayebanwa mara kwa mara, anahitaji na ile ya kuzuia uvimbe wa mirija. Nendeni kliniki. Mkikosa spesa, kile chombo kinachounganishwa na inhela, chupa ya nusu lita iliyotobolewa kitako inafanya kazi, nimewaeleza hapo juu jinsi ya kuitumia, waonyesheni na wake zenu.

Nimeongea na mama yake dogo. Anasema mtoto hataki tena kutoka na sisi, baiskeli kaifunika shuka. Kijana anayepanda Ngaramtoni vile!

Jumamosi hii tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, mahali palepale. Nimemwomba aje, na amesema atafikiria. Aliyempa lile jina anajijua na uzi huu anausoma. Kaka, wewe ni mkubwa kwetu na tunakuheshimu. Njoo mapema, kabla watu hawajapanda baiskeli, ulifute mbele ya wale wale waliocheka. Na kila anayekuja na pumu yake, inhela iwe kwenye mfuko wa mgongoni wa jezi, mahali tutakapoifikia haraka.