Sheria zimebadilika katikati ya msimu, jama wetu bado anafukuzia pointi ya tano. Naombeni ushauri

Kapteni Magoti (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni kapteni wa timu ya rola dabi (mchezo wa kusukumana na kupitana kwa viatu vya magurudumu), ligi ndogo tu ya timu tano, nyumbani na ugenini. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Ligi yetu ilikuwa bado inachezea kitabu cha sheria cha zamani. Tulipomaliza mechi tatu kati ya nane, kamati ikatuma ujumbe mfupi: kuanzia mechi ijayo tunahamia kitabu kipya. Basi. Hakuna kikao wala maelezo.

Kinachotuumiza ni pointi ya tano. Kwa wasioujua mchezo: jamu (raundi) moja ni dakika 2, ikizidi sana. Jama (si jamaa, ni yule mwenye nyota kwenye helmeti) akishapenya kundi la mabloka, yaani walinzi, mara ya kwanza, mzunguko unaofuata anaanza kuhesabiwa pointi moja kwa kila bloka wa wapinzani anayempita. Mabloka ni wanne, kwa hiyo nne. Zamani ukimpita na jama wao kwa mzunguko mzima unaongezewa ya tano. Sasa haipo.

Jama wetu bora ameupata umaarufu wake kwa hiyo ya tano. Mechi ya nne alikuwa jama kiongozi (mwenye haki ya kuimaliza jamu mapema), kawapita wote wanne, kilichobaki ni kugonga viuno, ndiyo ishara yake, jamu ife. Badala yake akaongeza kasi kumfukuza jama wao aliyekuwa mbele. Yule anayefukuzwa akafika kwenye kundi kwanza, akapenya, akaondoka na pointi tatu. Ikajirudia mara tatu. Tumefungwa kwa tofauti ya pointi saba, pigeni hesabu wenyewe.

Nimeongea naye. Sheria anaijua vizuri kuliko mimi, mpe mtihani atapata zote. Akivaa nyota tu, imeyeyuka.

Namfundishaje mtu kusahau? Na je, niiandikie kamati? Nawasilisha.

Pembeni Tu

Pole sana kapteni. Mimi ningeandika leo leo. Kanuni hazibadilishwi watu wakiwa tayari kiwanjani. Gomeni mpaka msimu uishe.

Gurudumu la Nane

Mgome halafu? Mnyang'anywe pointi? Mleta uzi usimsikilize huyu.

Kwanza tuelewane, sheria hiyo si mpya. WFTDA, chama cha kimataifa kinachoandika sheria za rola dabi, waliifuta pointi ya jama kwa jama mwaka 2019. Ligi yenu ndiyo iliyochelewa, na sasa inalipa deni lake katikati ya msimu. Kuchagua wakati wamekosea, nakubali.

Sisi wa zamani tulipitia makubwa zaidi. Hadi 2012 kulikuwa na makosa madogo, ukikusanya manne unaenda kwenye boksi la adhabu. 2013 yakafutwa. Mwaka uliofuata adhabu yenyewe ikashuka kutoka dakika 1 hadi sekunde 30. Vichwani tulijua. Lakini miguu ilikuwa na saa yake! Jama wao akiingia boksi, mabloka wetu wanalegea, wanapumua, wanajipanga taratibu kama wana dakika nzima. Wakigeuka, yule ameshatoka yuko mgongoni mwao. Mazoea yana tabu, asikwambie mtu.

Hotuba hazikutusaidia, na kocha wetu alizitoa nyingi. Kilichosaidia ni mtu mmoja kwenye benchi mwenye kazi moja tu. Aliyeko boksini husimamishwa zikibaki sekunde 10, si ndiyo? Basi huyo mtu wetu alikuwa halitazami kundi kabisa, anatazama viti vya boksi. Jama wao akisimama, anapiga kelele "Kasimama!" Baada ya mechi tatu hatukumhitaji tena.

Jama wako naye anahitaji sauti ya nje, kwa muda. Ya ndani bado inamwambia mambo ya mwaka jana.

Bibi Breki

Naongezea hapo kwa Gurudumu. Kocha wa benchi awe ndiye anayeamua kuua jamu, si jama. Akigonga viuno vyake kule benchi, jama naye agonge bila kufikiri. Jama anamtazama kocha kila akitoka kwenye kundi, kila mara, hata kama hakuna cha kutazama. Hilo ndilo zoezi lenyewe.

Tulivyofanya sisi: jamu fupi za mazoezi, jama wawili, mmoja anatangulizwa nusu duara. Wa nyuma akipita mabloka wanne ana nafasi ya kugonga viuno kabla wa mbele hajagusa kundi. Akichelewa, pointi zote za jamu hiyo anapewa mwenzake. Hakuna kupigiwa kelele wala kupiga pushapu. Anaona tu ubao unavyomgeuka. Jama ni watu wa pointi, dada yangu (au kaka, sijui), wakinyang'anywa wanajifunza haraka.

Halafu usimwondolee nyota kama adhabu. Ukimweka benchi anaporudi atakuwa anafukuzia na heshima yake juu ya ile ya tano.

Filimbi Mbili

Mimi ni refa, naomba kusema mawili.

Mwambie jama wako kwamba jamu haifi kwa kugonga viuno, inakufa sisi tukipuliza. Agonge wazi, arudie rudie, aonekane. Wengi hugusa mara moja wakiwa wameinama, halafu wanatulaumu kwamba tumechelewa. Hiyo nusu sekunde ndiyo mpinzani anapita bloka mmoja.

La pili, usije ukatumia mapitio rasmi kulalamikia sheria yenyewe. Nimeona kapteni akifanya hivyo. Mnayo moja kwa kila kipindi, na ni ya kupinga uamuzi wetu katika jamu iliyopita, haihusu kitabu. Kama kuna kipengele hukielewi, kilete kwenye kikao cha makapteni kabla ya mechi. Tunapenda maswali pale. Kwenye kiwanja hatuyapendi.

Gurudumu la Nane

Nimerudi, nimekumbuka kitu. Kapteni, timu zikilingana kwenye msimamo wa ligi mnatenganishwa kwa nini?

Kapteni Magoti

Tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Kwa nini?

Gurudumu la Nane

Basi hapo ndipo pa kuandikia barua. Mechi zenu tatu za kwanza zilikuwa na mzunguko wa pointi tano, hizi zilizobaki ni wa pointi nne. Timu iliyocheza na vibonde mapema imejazia kapu kwa bei ya zamani. Usiwaombe warudishe sheria, hawatarudisha. Waulize kwa maandishi tofauti hiyo itahesabiwaje, au kama watatumia matokeo ya timu mbili zilizolingana zenyewe kwa zenyewe. Uliza sasa, kabla haijajulikana nani anafaidika. Ukiuliza mechi ya mwisho utaonekana unatafuta njia ya mkato.

Pembeni Tu

Haya, hapo nimenyamaza.

Kapteni Magoti

Wakuu nawashukuru. Mrejesho: barua imekwenda Jumatatu, na timu nyingine mbili zimesaini, maana nao hawakuwa wamelifikiria hilo. Kamati wamesema watakaa.

Zoezi la Bibi Breki tumefanya mara mbili. Siku ya kwanza jama wetu alipoteza jamu sita mfululizo, akavua helmeti akakaa chini. Siku ya pili akawa anaua jamu mapema mno, kapita mabloka wawili tu tayari anagonga viuno, na jama wa mbele bado yuko kona ya mbali. Kocha hata hakuwa amegonga viuno vyake. Nimemwambia tutalirekebisha hilo wiki ijayo. Bibi Breki, na hili lina zoezi lake?

Bibi Breki

Linalo. Mtangulize yule wa mbele robo duara badala ya nusu, halafu rudi uniambie.