Video ya TikTok inasema P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba, inazuia hadi HIV. Kuna ukweli?

Anti_wa_Umoja: Habari zenu. Naishi na mpwa wangu wa miaka 19, yuko chuo hapa mjini. Juzi tukikunja nguo akanionyesha video: msichana ana kucha ndefu, anasema ukimeza P2 ndani ya saa 72 baada ya ngono umesafishika kabisa, mimba, HIV hadi kisonono. Nikaguna. Akaniambia, "Anti, si uone vile watu wameipenda!" Nimjibu nini bila kuonekana mshamba? Na hizo saa 72 zimetoka wapi?

Boda_Donholm: Anti, P2 si uchawi. Mwambie atumie mpira, kwisha.

Dawa_Pipeline: Nauza dawa mtaani Pipeline, Nairobi, na Jumatatu asubuhi kwetu ni P2 tu. Anti, saa 72 ni za kweli, ndiyo maana uongo huu unauzika. Shida ni kwamba dawa zenye saa 72 ni mbili. P2 ni homoni, inachelewesha yai kutoka. Virusi na bakteria haiwagusi hata kidogo. Nyingine ni PEP, ya kuzuia HIV baada ya kuhofia umeambukizwa, hizo ni ARV, dawa za HIV: unapimwa kwanza hospitalini, unaanza haraka iwezekanavyo kabla saa 72 hazijaisha, halafu unameza kila siku kwa siku 28. Mwenye video amechukua nusu ya hii akaishonea nusu ya ile.

Kinachoniuma ni mteja anayekuja siku ya nne, ameshameza P2, ametulia, sasa anauliza kuhusu HIV. PEP imeshampita. Na hata angeiwahi, PEP haitibu kisonono, kaswende wala klamidia. Klamidia ndiyo mbaya kwa kunyamaza: wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, na isipotibiwa inaweza kuharibu mirija ya uzazi. Wale wanaouza unga wa "kusafisha kizazi" mubashara usiku, leo niwaache.

Kama mpwa ana mtu wa mara kwa mara asiyejua hali yake, aulizie PrEP, dawa ya kujikinga na HIV, kliniki. Hiyo humezwa kabla, si baada, na serikali ilianza kuitoa 2017. Lakini nayo ni ya HIV tu, kwa hivyo mpira ubaki.

Anti_wa_Umoja: Asante daktari. Nimemsomea yote, amenyamaza kwanza, kisha akauliza kama kile kipimo cha mate cha kujipima nyumbani kingeonyesha kesho yake.

Dawa_Pipeline: Mimi si daktari, Anti, nasimama kaunta tu. Hapana, kesho yake hakionyeshi kitu. Kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Kikisoma hasi mapema, arudie baada ya miezi mitatu. Kaswende hakiioni, hiyo ni damu. Akitaka aniulize hapa mwenyewe, jina sihitaji.

Boda_Donholm: Boss, hiyo PEP wanaume pia hupewa? Nauliza tu.

Dawa_Pipeline: Hupewa. Zimepita saa ngapi?