Naombeni ushauri: mdahalo na mchungaji, niende kwa upole au nimchane?

Mwanahoja: Wakuu, habari za jioni. Mimi siamini Mungu na sijifichi. Wiki ijayo nina mdahalo wa wazi na mchungaji hapa Morogoro, mada ni kama maadili yanawezekana bila dini. Hoja ninazo. Kinachoninyima usingizi ni lugha. Nikiwa mpole ukumbi utasema nimeishiwa. Nikichoma kidogo wataondoka na kiburi changu tu, hoja hakuna atakayeikumbuka. Nifanyeje?

Bint Yohana: Mungu yupo kaka. Acha mdahalo, nenda ibadani.

Mzee wa Magomeni: Umenikumbusha mihadhara ya miaka ya 90. Mhadhiri anataja sura na aya za Biblia bila kufungua kitabu, vijana wanapiga takbira. Wengi tulifuata kuona nani anaaibishwa. Kelele za mihadhara ile ndizo zilizotangulia vurugu za msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, watu wakafa kwa risasi. Usichezee.

Wakili Mtaani: Soma kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Kuumiza hisia za kidini kwa makusudi ni kosa. Kusema huoni ushahidi wa Mungu ni hoja, kumkejeli Yesu mbele ya waumini wake ni jambo jingine. Hata Kenya, yenye Ibara ya 32 ya uhuru wa dhamiri, chama cha wasioamini kiliandikishwa 2016 na kusimamishwa mwaka huohuo.

Mama Nuru: Mdogo wangu, huyo mchungaji ni nani kwako?

Mwanahoja: Hilo si la msingi dada.

Mama Nuru: Ni la msingi. Jibu.

Mwanahoja: Ni baba wa mchumba wangu. Mahari nimetoa nusu. Yeye ndiye aliyenialika, mbele ya kanisa zima. Na klipu ya kutangaza mdahalo nimeshairusha, nimesema wapo wachungaji wanaouza mafuta ya kupikia wakiyaita ya upako. Sikumtaja mtu. Siifuti, kwa sababu ni kweli wapo.

Kijiwe Boy: Mahari nusu, ugomvi mzima 😂

Mama Nuru: Kweli wapo. Lakini aliyenunua hayo mafuta kwa ada ya mwanawe atakuwa kiti cha mbele. Ukimcheka muuzaji, mnunuzi ndiye anainamisha kichwa. Hapo hata ukiwa na hoja ya dhahabu hakusikii tena. Mwulize mzee alivyofikia imani yake, msikilize mpaka amalize, ndipo umbane.

Mwanahoja: Nikifanya hivyo wenzangu wataniona mwoga.

Sumu ya Panya: Chai hii, stori ya kutunga. Kuna uzi ulipita humu, mdahalo na shehe, baba mkwe pia, mahari nusu pia.

Kijiwe Boy: Ehee! Mleta mada, weka bango tulione.

Mwanahoja: Bango lina jina lake, siwezi.

Sumu ya Panya: Nilijua.

Mama Nuru: Chai au si chai, hiyo klipu ifute leo.