Mjadala: Mtu ahukumiwe mwongo kwa macho na jasho lake?

Mleta mada: Wakuu, nimechoka kusikia "nilimtazama tu nikajua anadanganya". Kwenye usaili, kituo cha polisi, hata ndani ya ndoa, watu wanatiwa hatiani kwa jasho, kigugumizi na kukwepa macho. Nasema dalili hizo zisimhukumu mtu popote. Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti ambamo watu zaidi ya 24,000 waliulizwa nani mkweli na nani mwongo: walipatia kwa wastani wa asilimia 54. Kurusha sarafu ni 50. Nani anabisha?

Mchangiaji wa kwanza: Mimi. Hizo nyingi ni za maabara, mtu kaagizwa adanganye na hana cha kupoteza. Nimekaa sana kwenye vikao vya nidhamu kazini. Aliyeiba sauti inapanda, midomo inakauka, mikono haitulii. Hofu haifichiki.

Mleta mada: Haifichiki, sawa. Hofu ya nini lakini? Asiye na kosa anaogopa kutoaminiwa, na moyo unamwenda mbio vilevile. Mashine ya kupima uongo nayo inasoma mapigo, pumzi na jasho tu, na sheria ya Marekani ya 1988 imewazuia waajiri wengi binafsi kuitumia. Halafu hao waliotetemeka mbele yako, wangapi walithibitika kwa ushahidi, na wangapi kwa sababu walitetemeka? Mzoefu wa kudanganya hatetemeki, mkuu. Huyo alishakuaga vizuri akaenda zake.

Mchangiaji wa pili: Mbona mnamsahau Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza nyuso? Kuna ishara za uso zinazopita chini ya nusu sekunde kabla mtu hajazizuia. Aliyefunzwa anaziona.

Mleta mada: Anaona hisia, haoni chanzo chake. Viwanja vya ndege Marekani vilikuwa na maofisa wa kusoma tabia za abiria. Tangu 2007 zikaenda takribani dola milioni 900, na 2013 wakaguzi wa serikali wakashauri fedha zibanwe kwa kukosa ushahidi kwamba njia hiyo inafaa.

Mchangiaji wa tatu: Kwa mtu unayeishi naye dalili zina kazi yake jamani. Mume wangu ni mpole. Akifoka kwa swali dogo, najua kuna jambo. Ila hapo naongeza swali, sitoi hukumu.

Mleta mada: Dada, hapo tuko pamoja. Swali ndilo silaha. Tuseme kompyuta imeibwa, na kamera imemwonyesha mtu akiingia stoo jioni. Usimwambie. Muulize jioni ile alipita wapi, mwache amalize, ndipo uitaje stoo. Asiye na kosa mara nyingi ataitaja mwenyewe: "niliingia kuchukua karatasi". Mwenye kosa huiruka, na hata akikukodolea macho bila kupepesa, maneno yake yanagongana na kamera. Jaribio lililochapishwa 2006 na Maria Hartwig na wenzake liliwafunza wanafunzi wa upolisi Sweden kuhoji hivyo: wakapatia asilimia 85, wasiofunzwa 56.

Mchangiaji wa kwanza: Na pasipo kamera wala shahidi? Wawili mbele yangu, kila mmoja anamtaja mwenzake. Nisome nini kama si uso?

Mleta mada: Hapo huna kesi, mkuu. Wote wawili warudi kazini.