Manispaa ya Kakuma: mgeni anayeingia leo ni mzigo wa nani?

Mwanzisha mada (Lodwar):
Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa kaunti ya Turkana, Kenya, ilifunguliwa 1992 kupokea vijana waliokimbia vita Sudan. Leo, ukiijumlisha na makazi jirani ya Kalobeyei yaliyoanza 2016, wakimbizi wanakaribia 300,000, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976. Pale pana mji, hata kama nyumba ni za mabati na matofali ya udongo. Mwaka 2025 kaunti ya Turkana ikaupa hadhi ya manispaa, na Machi mwaka huohuo serikali ya kitaifa ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya wenyeji na wageni pamoja.

Sasa anayevuka leo mpaka wa Nadapal kutoka Sudan Kusini na watoto na godoro, manispaa imfanyie nini? Katiba ya 2010 imeipa kaunti zahanati, maji, masoko, chekechea na leseni za biashara. Polisi, vitambulisho na shule za msingi ni za Nairobi, tusiidai kaunti kisicho chake. Lakini hivyo vitano vinatosha kumpokea mtu, na msimamo wangu ni kwamba Mturkana na mgeni wapange foleni moja. Mpaka sasa mgeni anategemea zahanati ya shirika na bomba la shirika. Mfadhili akipunguza, mji mzima unatikisika. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, na sote tuliona maandamano. Nani anapinga?

Mkazi wa Kakuma Mjini:
Mimi napinga, bwana wa Lodwar. Siyo kwamba nawachukia wakimbizi. Nimewauzia mbuzi na kuni tangu nikiwa kijana. Ila hiyo foleni moja unayoitaka inatoka wapi? Kuna vijiji hapa akina mama wanachimba mchanga wa Mto Tarach kupata maji. Kalobeyei tulitoa ardhi ya malisho kwa ahadi kwamba hospitali na shule zitakuwa zetu sote. Kazi za mashirika zikatangazwa, wakaja watu kutoka Kitale na Nairobi na vyeti vyao, sisi tukapewa ulinzi wa lango. Kaunti ianze na aliyetoa ardhi. Mgeni ana UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mimi nina nani?

Mfanyabiashara Mkongomani, Kakuma 1:
Mzee, UNHCR unayomtaja siyo anayelisha duka langu. Mimi nalipa leseni ya kaunti kila mwaka, sawa na jirani yangu Mturkana. Bidhaa zinatoka Kitale, lakini kwenda Kitale nahitaji kibali cha kutoka kambini, na hicho si cha kaunti. Kinachobaki mikononi mwa kaunti ni hiki: ada inayojulikana, risiti, taa sokoni, choo sokoni. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, wa 2018 ulisema uchumi wa Kakuma ni dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Hizo leseni zimejenga nini hapa?

Na kuhusu mgeni mpya, shida yake ya kwanza ni kwamba hajui aulize wapi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mtu wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za Jumuiya. Kongo iliingia Jumuiya 2022, Somalia 2024. Nani ataacha kadi yake ya ukimbizi bila mtu wa kumweleza atapata nini na atapoteza nini? Manispaa iweke meza moja sokoni, karani mmoja anayejua Kiswahili na mwingine anayejua Kiarabu cha Juba. Hiyo ni gharama gani?

Mwalimu wa chekechea:
Msisahau watoto. Anakuja mtoto wa Kidinka au Kinuer hajawahi kusikia Kiswahili, na darasa limejaa mpaka mlangoni. Chekechea ni ya kaunti kisheria. Ajirini walimu wasaidizi kutoka jamii zao, msisubiri Nairobi.

Mtanzania (Katavi):
Jirani zangu, tazameni yetu. Warundi wa 1972 waliowekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kama 162,000, walipewa vyeti vya uraia kuanzia 2014. Mpango wa awali ulikuwa watawanywe mikoani, ukakwama, wakabaki palepale. Makazi yakaachiwa halmashauri ambazo bajeti zao zilikuwa zinapumulia mashine. Ushauri wangu: fedha zitangulie watu. Mkikabidhiwa zahanati bila mishahara ya wauguzi, mmekabidhiwa jengo.

Mwanzisha mada:
Hapo kwa wauguzi nakubali kabisa, na ndiyo maana sitaki kaunti ipokee majengo kwa sherehe na picha. Lakini mzee wa Kakuma Mjini, ukisema "kwanza sisi", unawaachia mashirika visima vyao, na wewe unabaki na mchanga wa Tarach. Bomba likiwa la manispaa, litapita kwako likienda kwake. Uganda waliweka kanuni kwamba asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iende kwa wenyeji. Haitekelezwi kila mahali, lakini mwenyeji ana karatasi ya kudai. Sisi tuna ahadi za mdomo.

Mkazi wa Kakuma Mjini:
Basi leta karatasi. Asilimia iandikwe kwenye bajeti ya manispaa, na pesa za leseni zibandikwe ubaoni sokoni, zilizoingia na zilizotumika, tusome mimi na huyu Mkongomani. Baraza la wakazi likiitwa, liitwe hapa, lisifanyiwe hotelini Lodwar. Na kazi za hiyo meza ya karani zitangazwe Kakuma kabla hazijatangazwa Nairobi.

Mfanyabiashara Mkongomani, Kakuma 1:
Ubao huo nitanunua rangi yake mimi. MCA wetu, mwakilishi wa wadi, yuko humu? Ajibu.