Boksi linasema betri 7000, simu inazima ikiwa na asilimia 41. Nimepigwa mchana kweupe

Mwakeye wakuu. Nimekaa na hii hasira wiki mbili, leo naitoa.

Mimi ni mama wa dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi ndiko ninakoshinda na ndiko ninakokesha. Simu kwangu si ya kupigia picha za harusi. Mitumbwi ikiwa majini, simu ndiyo inayoniambia nani kapata na nani kachemsha. Mitumbwi ikirudi alfajiri, ndiyo ninayolipia mzigo, ndiyo ninayompigia picha tajiri wangu wa Kahama kabla hajanunua kwa mwingine. Ikizima saa kumi alfajiri, mtaji uko ndani ya simu na mimi nimesimama mchangani na ndoo tupu.

Ile ya zamani ilinifaa miaka mitatu. Kioo kikapasuka, kikawa kinanichana kidole. Nikavumilia kwa sababu 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, na aliyekuwa anaishi kwa dagaa anajua ule mwaka tulikula nini. Mwaka huu nimejikusanya. Mwezi ulipokuwa mkubwa (ninyi mnaoona mbalamwezi ni mahaba, huku ni likizo bila mshahara, dagaa hawajali taa wakati ziwa zima linang'aa), nikapanda bodaboda mpaka Mwanga, hapa hapa mjini. Dukani kijana kanipokea kama shangazi yake aliyetoka hija. "Mama, hii ni mashine. RAM 16, memori 128, betri 7000, kori nane. Hii utachaji mara moja kwa siku tatu." Hiyo 7000 ni mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba; RAM ni memori ya kufanyia kazi, ile inayoshika programu ulizofungua; kori ni vichwa vya prosesa, yaani ubongo wa simu. Laki tatu na ishirini. Chapa siitaji, duka silitaji, sitaki kesi.

Na msije mkaniambia nilinunua kibwege. Nilipiga *#06#, nikatuma IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, jibu likarudi na jina lile lile la kwenye boksi. Nikajiona mjanja. Tangu simu feki zilipozimwa Juni 2016 wengi tumekariri kwamba IMEI ikiwa safi basi simu ni safi. IMEI inasema simu ni ipi, basi. Haijui ndani kuna betri ya ukubwa gani.

Giza liliporudi, usiku wa kwanza wa kazi, nikatoka nyumbani saa mbili ikiwa asilimia 100. Saa sita usiku 78. Nikasema kweli hii mashine. Saa tisa 55. Saa kumi na robo namalizia kutuma hela kwa mwenye mtumbwi, inasoma 41, kioo kikawa cheusi. Haikutoa onyo, haikusema "chaji inaisha". Nikabonyeza, ikaonyesha nembo, ikazima tena. Mwenye mtumbwi ananitazama kama tapeli. Dada mmoja wa kutoka Katonga akachukua ule mzigo mbele ya macho yangu, na simlaumu.

Nikadhani bahati mbaya. Usiku wa pili ikazima na 40. Wa tatu, 42. Hapo ndipo nikaenda kwa fundi simu.

Kabla hajaifungua, fundi aliniuliza swali moja: "Mama, umewahi kuipima uzito?" Nikacheka. Mimi mizani ninayo, ya kupimia dagaa wa reja reja. Tukaziweka zote mbili. Ya zamani, betri 5000, gramu 191. Mpya, eti 7000, gramu 172. Fundi akanionyesha mtandaoni Samsung Galaxy M51, ambayo kweli ina 7000: gramu 213. Betri ni mzigo, wakuu. Chaji nyingi inataka lithiamu na shaba nyingi zaidi, na hivyo havielei hewani. Nimepima dagaa maisha yangu yote, simu nikaibeba bila kuipima.

Akaichaji kutoka sifuri kwa kile kipimo kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na waya. Ikajaa kwenye elfu nne na mia kidogo. Akafungua mgongo: lebo ya juu imeandikwa 7000, akaibandua na kucha, chini yake lebo nyingine, 4100. Na lile fumbo la 41 likafumbuka lenyewe. Simu imeambiwa ina 7000, kwa hiyo ukishatumia 4100 yenyewe bado inahesabu kwamba imebaki 2900, na 2900 kwa 7000 ni asilimia 41. Tanki limekauka, mshale unasema bado nusu kasoro.

Sasa hiyo ya betri ni wizi wa kawaida, wizi wa lebo. Iliyoniuma zaidi ni RAM, kwa sababu pale hakuna lebo ya bandia. Boksi limeandika 16GB kwa herufi za ukubwa wa dagaa aliyenona, halafu chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na tochi, 4+12. Fundi akaweka CPU-Z, programu ya kusoma vilivyomo ndani ya simu, ikasoma 3.7. Hizo 12 ni memori ya kawaida ya kuhifadhia picha, imekatwa kipande ikapewa cheo cha RAM. Na memori ya simu za bei hii mara nyingi ni eMMC 5.1, aina ya memori ya bei nafuu, ambayo hata kwenye makaratasi kasi yake inaishia megabaiti 400 kwa sekunde, wakati RAM halisi inakwenda kwa maelfu. Ni sawa na kuwa na vijana wanne wa kubeba magunia, halafu mtu akuongezee vizee kumi na viwili vilivyokaa juu ya mlima, akwambie sasa una wabebaji 16.

Matokeo yake nayaona kila alfajiri. Niko kwenye programu ya kutuma hela, tajiri anatuma ujumbe WhatsApp, naenda kumjibu, narudi, programu imeanza upya, niweke tena namba ya siri. Nikifungua kamera, WhatsApp imekufa. Na ile 128, ambayo angalau ni ya kweli, ishamegwa 12 za huo mchezo, na mfumo wenyewe umekula zake. Nimezima hiyo RAM ya kukopa na simu haijapungua kasi hata chembe. Nikauliza, sasa ilikuwa inafanya nini?

Kori nane nazo! Zote ni Cortex-A55, aina ndogo ya kubana chaji, muundo uliotoka 2017, tena kwenye prosesa ya nanomita 28 (namba hii ikiwa ndogo, prosesa inakula umeme kidogo). Yangu ya zamani ni nanomita 12, inafanya kazi ile ile kwa umeme mdogo zaidi. Kwa hiyo nimebadilisha betri kubwa yenye prosesa isiyo na njaa, nikachukua betri ndogo yenye prosesa yenye njaa, na nikaongeza hela juu.

Nikarudi dukani. Kijana yule yule, safari hii mimi si shangazi tena. "Mama, ukishafungua boksi ni yako." Nikamwonyesha lebo mbili. "Hiyo kaweka fundi wako." Nikamwambia tuchukue nyingine humu dukani tuipime uzito, akasema ana wateja. Duka lilikuwa na mimi na paka.

Mtakuja wajuaji kuniambia mtandao wa mpakani unakula chaji. Nalijua hilo kuliko ninyi. Huku simu inanusa minara ya Burundi na Kongo usiku kucha, ikitafuta mtandao inajikamua. Lakini ya zamani ilikuwa kwenye mfuko ule ule, ufukwe ule ule, laini ile ile, na ilifika asubuhi.

Kinachonishangaza ni kwamba wavuvi wetu hawauziwi hivi. Mvuvi akinunua N70, betri kama ya gari, ya kuwashia taa haulizi namba, anauliza inawasha taa ngapi mpaka saa ngapi, na isipofika alfajiri inarudi na vumbi lake. Ulaya tangu Juni 20, 2025 simu mpya lazima ije na lebo ya saa inazodumu kwa chaji moja, na betri yake ichajiwe mara 800 ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Saa! Lugha ya mvuvi wa Kibirizi.

Laki tatu na ishirini imekuwa ya mwanangu kuchezea gemu, akiwa karibu na soketi. Mimi nimerudi kwenye ile ya kioo kilichopasuka, nimeibandika selotepu. Giza limebaki siku chache kabla mwezi haujaanza kukua, kwa hiyo anayejua duka hapa mjini, Mwanga au Ujiji, linaloruhusu upime simu kwa mizani na kipimo cha chaji kabla ya kulipa, alitaje hapa hapa uzini wote tuone. PM sifungui.